Kuni za Nyumba

Miaka niliyouza nafaka Majengo imenifundisha kutumbukiza mkono hadi chini ya gunia kabla sijataja bei. Juu mahindi safi, chini pumba, na watu ndivyo walivyo. Kwa hiyo Juni ile, upepo wa Dodoma ulipoanza kupenya chini ya milango na mama akaanza kukohoa, nilikwenda kutafuta kuni huku nimeshamchukia kila atakayeniuzia.

Mama alikuwa amekuja mjini kwangu kukwepa baridi. Kwake ni upande wa Buigiri, kwenye tembe lake, nyumba ya kuta za udongo na paa bapa la udongo lililobebwa na miti, ambamo anaapa baridi haiingii. Kwangu ni bati na saruji. Daktari alisema kifua chake hakitaki baridi wala moshi, basi ilinibidi nipate kuni kavu kabisa, niziwashe uani, na zikishakuwa makaa mekundu niyabebe kwenye karai hadi chumbani kwake, dirisha likiwa wazi. Mkaa wa gunia ulikuwa umenishinda bei. Kila jioni mama akiota moto alikuwa akisema mvua zikikaribia atarudi kwake, nami naitikia.

Mdogo wangu wa kiume, aliyebaki kijijini kumtunzia nyumba, hakuacha kupiga simu. Dada, mwache akae huko apone vizuri, asiwe na haraka ya kurudi. Nilimwona ana huruma kunishinda mimi.

Wauza kuni nilishawatimua kadhaa. Mmoja alificha mbichi katikati ya mzigo, mwingine alizipanga kwa ujanja ili ndani pabaki pango. Ndipo akaja mtu wa makamo na baiskeli yake, bei yake chini kuliko wote, na hapo hapo roho ikakataa. Nilivunja kipande, kikalia kikavu. Nikakinusa. Kilikuwa na udongo uliogandia, na upande mmoja masizi meusi. Nikamuuliza kama ananiletea kuni zilizokwisha kuungua kwa mtu mwingine.

Alicheka. "Mama, hizi ni kuni za nyumba. Hazina moshi kabisa."

Kuni za nyumba. Nilimwelewa kwamba si zile za kuchomea matofali, ni za matumizi ya nyumbani. Nikaona ananipamba tu ninunue. Nikanunua, kinyongo moyoni.

Ziliwaka vizuri mno, na hilo nalo likanitia wasiwasi. Kikohozi cha mama kilipungua, akaanza kulala. Nikawa nachukua kwa yule yule wa baiskeli, kila mara nikiupapasa mzigo mzima kama askari wa getini.

Kisha vipande vikaanza kupotea. Nilimtazama mpangaji wangu wa chumba cha uani, mwanamke mmoja mpole mno, na upole wake ukazidi kunikera. Nikapaka kuni zangu chaki, nikawa nachungulia jiko lake akipika. Sikuona kitu. Nikaamua ni mwizi hodari.

Siku niliyoinama kufagia chini ya kitanda cha mama ndipo nilipoziona chaki zangu, vipande vimefungwa ndani ya kanga kuukuu. Mama hakushtuka. Alichukua kimoja akanionyesha mahali palipolika na kuwa laini kwa kamba.

"Hapa ndipo nilipokuwa natundika kibuyu cha maziwa," alisema.

Alikuwa amekitambua siku nyingi kuwa ni cha paa la tembe lake, akajiambia macho ya uzee yanafananisha, miti ni miti. Alikuwa anavikusanya hadi awe na hakika. Wa baiskeli alikuwa mwizi, nilijua tangu mwanzo.

Alipokuja tena, mama alikuwa ameketi uani anaota jua. Yule mtu akamwamkia shikamoo kwa adabu zote. Sikumpa nafasi ya kushusha mzigo, nikamuuliza amebomoa nyumba ya nani.

Alikasirika, na alikuwa na haki. Alinikumbusha kwamba siku ya kwanza kabisa aliniambia ni kuni za nyumba. Tembe amelinunua kihalali, akang'oa miti ya paa, sasa zimebaki kuta. Yale maneno yakajigeuza kichwani mwangu. Nikamuuliza kalinunua kwa nani. Akaeleza nyumba ya mwisho kabla ya korongo, na kijana mwenye kovu kwenye nyusi. Kovu hilo nalijua, mdogo wangu alilipata utotoni nikiwa nimembeba mgongoni tukaanguka.

"Ni urithi wake," muuza kuni alisema. "Mama yake alifariki masika."

Sikuweza kumtazama mama. Nilimsikia tu akiuliza, kwa sauti ile ile anayoombea maji.

"Alipokuwa anakueleza, alilia?"

Yule mtu alifikiri kidogo. "Alilia sana, bibi. Ilibidi nimbembeleze."

Mama akaitikia kwa kichwa. Akaniambia nipokee mzigo, baridi bado haijaisha. Kisha akainuka, akaingia chumbani, akatoka na ile kanga, akaifungua na kuvipanga vile vipande juu ya kuni nyingine.