Majina ya Mama Niliyofundishwa Jikoni Al-Safa

Kuna siku moja haijanitoka akilini, mwanangu. Usiku wake sikupata usingizi kwa swali hili: mwanamke anayemfundisha yaya majina ya kuitwa na mwanawe, je, anakusudia kurudi?

Wewe wiki ijayo unakwenda Riyadh. Mimi nilikuwa yaya Jeddah, mtaa wa Al-Safa, miaka ile wasichana wa Kenya tulipokuwa tukiondoka kwa makundi. Nilikuwa na digrii ya ualimu na kichwa kisichojua kutulia. Baba mwenye nyumba, ambaye ndiye kafili wangu, yaani mdhamini wangu wa kazi, alikuwa Msaudia. Mkewe, Madam Annika, Mswidi. Binti yao mdogo, Layla, alizungumza Kiarabu tu.

Madam alikuwa anajiandaa kwenda kwao peke yake, wiki mbili. Ghafla akaanza kunifundisha maneno ya Kiswidi jikoni. Mamma. Mamsen, la kudeka. Lilla mamma, yaani mama mdogo, ila kwao si mdogo wake mama. Ni mama yuleyule, anaitwa hivyo kwa mapenzi hata na mtu mzima.

"Mfundishe Layla aniite hivyo kwenye simu," akaniambia.

Baba alipoingia kunywa maji, madam akabadili mazungumzo, akaanza kusifu wali wangu. Nikashuku. Mtu wa wiki mbili ana haja gani na majina yote hayo?

Nilimweleza Zuhura wa Malindi, aliyefanya kazi nyumba ya jirani, tulipokutana kutupa taka.

"Huyo anatoroka," akasema. "Na akitoroka, atakayeulizwa ni wewe, mwalimu. Kamwambie baba mapema."

"Na kama hatoroki?"

"Basi utakuwa umemchongea bure. Au digrii haikufundisha hilo?"

Sisi wa majumbani tulikuwa na kanuni yetu: agizo lolote kuhusu mtoto, kafili alisikie kwa masikio yake, maana ikama yako, kibali cha kuishi kule, iko mkononi mwake. Lakini nikimwambia baba, pengine namzuilia mwanamke safari. Nikinyamaza, nitaonekana nilishirikiana naye.

Asubuhi nikamfuata madam akikunja nguo. "Madam, utarudi?"

Hakuinua macho. "Mama yangu anaumwa, hanitambui tena. Sitamwacha hivyo baada ya wiki mbili. Sijui nitarudi lini. Baba akijua, atanizuia. Nataka tu Layla aniite kama mimi nilivyomwita mama yangu."

Niliguswa, lakini shaka haikuisha yote. Nikamwambia, "Mimi sitamwambia baba. Mwambie wewe, nami nikiwepo. Hapo nitamfundisha mtoto kila neno."

"Unaniogopa mimi au unamwogopa yeye?"

"Nawaogopa nyote wawili, madam."

Alinitazama kwa hasira, kisha akaenda sebuleni. Nikamfuata. Akamweleza mumewe yote. Baba akasema, "Halas, basi. Nenda. Layla abaki na huyu." Siku hiyohiyo nikaketi na mtoto, tukaanza.

Mwanangu, kushuku si vibaya. Ila shaka yako usiipeleke kwa jirani wala kwa bosi. Mpelekee kwanza yule unayemshuku, umuulize usoni. Na siri ya mume na mke usikubali kuibeba, hata ikija kwa maneno matamu. Waambie waiseme mbele yako.

Mungu akutangulie, akukutanishe na watu wakweli, akurudishe kwetu ukiwa mzima.