Siku Mwalimu Alipoomba Karamu

Gundi ya unga wa muhogo ina harufu yake. Si mbaya, si nzuri. Ni kama uji uliosahaulika jikoni, wenye uchachu kidogo kwa mbali. Juma lililopita nilikuwa nimeinama juu ya jiko nikimkorogea binti yangu. Yuko darasa la pili na alikuwa na kazi ya kubandika picha za wanyama. Huku akisubiri, akawa ananisimulia mambo ya shule. Kuna mwenzao mgeni, akasema, ametokea Sengerema, na hawezi kusema "nataka kulala". Anasema "nataka kurara". Basi mwalimu amemsimamisha mbele, amemwambia arudie na arudie, na darasa zima likacheka. Binti yangu naye akawa anacheka, ameshika tumbo.

Nilipandwa na hasira. Nisiwafiche, nilitaka kuvaa viatu muda huo huo niende nikamkute huyo mwalimu. Halafu ile harufu ya gundi ikaniingia vizuri puani, nikakaa kwenye kigoda. Kwani mimi ni nani wa kukasirika? Mimi niliandika kitabu kizima cha kuwacheka watu wa namna hiyo. Kitabu chenye picha, kurasa zake zimeshikizwa kwa gundi ya muhogo.

Ngojeni niwaeleze.

Tulikuwa tunakaa Pasiansi, kando ya ziwa, katika ile miaka ya tisini ambapo madukani vitu vilianza kujaa na makazini watu wakaanza kupungua. Baba alikuwa karani wa shirika moja la umma la mambo ya pamba. Walipopunguzwa, alirudi nyumbani na mabunda ya fomu ambazo hakuna aliyezihitaji tena. Upande mmoja zilikuwa na nafasi za kujaza uzito wa marobota. Upande wa pili zilikuwa nyeupe kabisa. Kwa baba lile bunda lilikuwa huzuni, alilisukuma chini ya kitanda hakutaka kuliona. Kwangu lilikuwa utajiri.

Rafiki yangu Tausi alikuwa na utajiri wa aina nyingine: peni za rangi, sita, ndani ya mfuko wa plastiki. Baba yake alikuwa fundi cherehani, na kwao walizungumza Kiswahili tu, tangu kwa bibi yake. Kwetu tulizungumza Kisukuma ndani na Kiswahili tukitoka nje, kama viatu. Mimi na Tausi tulikuwa darasa la tano. Tulikusanya vile vikaratasi vya picha za kuchekesha vilivyokuja ndani ya bablishi, ile pipi ya kutafuna, vyenye maandishi ya lugha tusiyoijua, tukawa tunabuni wenyewe yule mtu mwenye pua kubwa anasema nini. Siku moja Tausi akasema, "Mbona tunahangaika na mapua ya watu? Tuchore wa kwetu."

Hapo ndipo alipozaliwa Bwana Tii. Tausi alimpa kichwa cha duara, nywele tatu, na suruali ya mtumba iliyomfika kwapani. Mimi nilimpa tabia. Bwana Tii alikuwa mtu wa kutii. Alitii kila alichoambiwa, neno kwa neno, kama lilivyotamkwa. Tatizo la Bwana Tii ni kwamba alisoma kwa Mwalimu Magesa.

Mwalimu Magesa ndiye aliyetufundisha hesabu. Alitokea visiwa vya humo ziwani, alikuwa na shingo ndefu, na saa aliivaa juu ya mkono wa shati. Alikuwa mwalimu mzuri, nasema sasa. Lakini r na l kwake zilikuwa pacha, akiita huyu anakuja yule. Siku moja kabla ya mtihani alisimama akatangaza, "Kesho kira mtu aje na karamu yake!" Tausi akanifinya paja. Tukaona kitu kile kile kwa wakati mmoja: Bwana Tii anaingia darasani na sufuria la pilau kichwani, mbuzi wa kuchoma begani, na wapiga ngoma nyuma.

Tangu siku hiyo masikio yangu hayakulala. Nilikuwa na swali lililonisumbua kuliko hesabu zote za Mwalimu Magesa: mtu anayechanganya hivi, je, anajisikia? Nilizunguka nikisikiliza watu kama anayetafuta senene kwenye majani. Nilimsikiliza muuza dagaa, nikamsikiliza mzee wa kanisa. Nilifika mahali nikajisikiliza mwenyewe, maana Tausi hakuwa na huruma.

"Wewe nawe jana umesema mrango."

"Sijasema."

"Umesema. Funga mrango."

Nilirudi nyumbani nikauambia mlango jina lake mara hamsini.

Mwishowe tukafanya jaribio. Tausi alinyoosha mkono darasani, mpole kama malaika. "Mwalimu, samahani. Pale anapokaa mtu, panaandikwaje?" Mwalimu akageuka ubaoni, akaandika *mahali*. Sawasawa kabisa. Nikanyoosha mimi. "Na ng'ombe anaowatoa bwana harusi, mwalimu?" Akaandika *mahari*. Sawasawa tena. Tukatazamana, hatukutegemea. "Yasome, mwalimu," Tausi akasema. Akaweka fimbo kwenye neno la kwanza, akasoma, "Mahari." Akaisogeza kwenye la pili. "Mahali."

Darasa likaanguka. Mwalimu Magesa akafuta ubao, akaendelea na hesabu za sehemu. Ukurasa wa saba ukapatikana hapo hapo: Mwalimu anasema "kila mtu akae mahari pake", na Bwana Tii anaingiza ng'ombe kumi na mmoja darasani, mmoja anatafuna chaki.

Ukurasa wa tisa niliutafuta mimi mwenyewe, na sikuutafuta mbali.

Mama yangu alikuwa na sauti. Ikifika saa ya chakula alisimama mlangoni, mkono kiunoni, pengo lake la mbele wazi, akaita, "Njooni kura!" Akiita yeye, hata wanaoanika dagaa kule ufukoni waligeuka. Mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi wa vyama vingi, kila ukuta ulikuwa na karatasi, kila mtu mdomoni mwake ana kura. Nilimweleza Tausi, Tausi akachora. Mwanamke mwenye pengo na ndala za bluu anaita "Njooni kura!" Bwana Tii, mwenye njaa, anachukua kadi yake ya kupigia kura, anapanga foleni mlangoni. Foleni haisogei. Ndani watu wanakula, wanamaliza, wanaosha vyombo. Tausi alicheka mpaka akalala chini. Mimi pia nilicheka. Sitawadanganya kwamba kuna kitu kilinichoma. Hakikunichoma.

Kwenye ukurasa wa mwisho niliandika lile swali langu kwa herufi kubwa: JE, MWALIMU HUJISIKIA?

Kitabu kilizunguka darasa zima, kikaingia la sita, kikarudi kimelowa jasho. Kisha siku moja kwenye kipindi cha hesabu mtu alishindwa kujizuia, akacheka puani, na Mwalimu Magesa akanyoosha mkono. Alikifunua. Alijiona. Saa juu ya shati, shingo, kila kitu. Tulisubiri fimbo. Akasema tu, "Ijumaa ni kikao cha wazazi. Nitawasomea wazazi wenu."

Sikuogopa pilau wala ng'ombe. Niliogopa ukurasa wa tisa. Mama asingekosa kikao hata kwa mvua ya mawe, na ndala zile zilikuwa mguuni mwake kila siku. Nilimwomba Tausi twende tukakiibe. Akasema, "Wewe ndiye uliyemtaja mama yako. Mimi nimechora tu." Sijui kama nimewahi kumsamehe kwa kusema kweli.

Ijumaa wazazi walikaa kwenye madawati yetu, magoti yamefika kidevuni. Mama alikuwa safu ya pili, amevaa khanga mpya. Sisi tulisimamishwa ukutani. Mwalimu Magesa akakinyanyua kitabu. "Kuna kitabu kimetungwa na watoto wa dalasa hiri," akasema. "Sikirizeni."

Akaanza kusoma, na mimi na Tausi tukagundua kosa letu. Kitabu kile kiliandikwa kisomwe na mdomo wa Tausi. Palipoandikwa kalamu alisoma karamu, palipoandikwa karamu alisoma kalamu. Utani wote uligeuka ndani nje. "Bwana Tii akapika kalamu," alisoma, uso mkavu. "Akaibeba kichwani. Kalamu ya pirau, yenye nyama nyingi."

Wazazi walitazamana. Baba mmoja mwenye kofia akauliza kwa heshima, "Samahani mwalimu, kalamu ya pilau ndiyo ipi?"

"Angarieni picha," akasema, akakigeuza kitabu.

Halafu mama mmoja wa nyuma akapiga kelele, "Yoyoo! Huyu si wewe, mwalimu?"

"Ndiye mimi. Shingo hamuioni?"

Walicheka jamani. Walicheka madawati yakalia. Mama yangu alicheka kuliko wote, akajifuta macho kwa khanga, akaniangalia pale ukutani kwa fahari, kama mtu aliyezaa kitu cha maana. Ukurasa wa saba, ng'ombe kumi na mmoja, baba mwenye kofia akaomba aonyeshwe tena. Wa nane.

Mwalimu akafika wa tisa. Akafungua mdomo. Akautazama ukurasa, akainua macho, akamtazama mama, akashuka mpaka miguuni kwake. Akalowesha kidole kwa ulimi, akafunua kurasa mbili pamoja, akaendelea na wa kumi na moja.

Kikao kilipokwisha aliandika kitu kitabuni, akanirudishia. Adhabu yetu ilikuwa kufagia uwanja wiki nzima, na alisema wazi ni kwa kucheka kwenye hesabu. Nilikifungua nje, nyuma ya choo. Alikuwa amekisahihisha chote kwa wino mwekundu, maana mimi niliyejifanya hodari nilikuwa nimeandika "akara pirau" na mengine ya aibu. Chini ya swali langu la mwisho aliandika: *Najisikia, Nyamizi. Ulimi ndio hausikii.* Na pembeni mwa ukurasa wa tisa: *Huyu ni mzazi. Mtoe.*

Ningeuchana pale pale. Sikuuchana. Picha ilikuwa nzuri mno.

Tulipofika nyumbani, jua bado liko juu ya ziwa, akakaa kizingitini. "Nyamizi. Mwalimu ameluka."

"Karatasi zilishikana, mama. Gundi."

"Ariniangaria kwanza. Rete kitabu."

Mama alisoma polepole, kwa kidole, midomo ikitembea. Alicheka tena kwenye pilau. Alipofika wa tisa, kidole kilisimama. Alitazama pengo. Alitazama ndala, ya kwenye karatasi na ya mguuni. Akasoma wino mwekundu. Nilijiandaa kukimbia.

"Huyu mwanamke anasemaje?" akauliza.

"Anaita watu wale chakula."

"Sasa kosa riko wapi?"

"Anasema kura, mama. Inatakiwa kula."

"Ee, si ndiyo? Kura."

"Kula. La. La."

"Ra."

Nilicheka. Naye alicheka, ile mara ya kwanza. Akajaribu tena, akiniangalia mdomo jinsi unavyokwenda, kama mtoto anayefundishwa kufunga kamba za viatu. Hakuwa amekasirika. Alitaka kujua. Alikuwa hajui, miaka yote ile, kwamba kuna kitu cha kuchekwa. Mara ya tatu ikatoka vile vile, na safari hiyo alijisikia. Niliona usoni. Lile swali langu nililozunguka nalo Pasiansi nzima lilijibiwa pale kizingitini, mbele yangu, na mimi nikaendelea kucheka kwa sababu nilikuwa sijamaliza.

"Wamesoma wote hiki?"

"Darasa la tano tu."

"Na ra sita?"

"Wachache."

Akakifunga, akanirudishia, akaingia jikoni. Hakunipiga. Hakusema nikichome. Kitabu kiliendelea kuzunguka mpaka kikaisha chenyewe, na mimi nikaona mambo yamepita salama.

Kesho yake, saa ya chakula, alitoka mlangoni na kifuniko cha sufuria na kijiko, akagonga. Ko, ko, ko. Tukaja mbio, tukadhani ni mchezo mpya. Mdogo wangu aliomba agonge yeye. Toka siku hiyo kwetu watu waliitwa kwa kifuniko, na wala sikujiuliza, mimi niliyejiuliza kila kitu. Mama alianza kunituma dukani nikaseme mimi. Kikaoni alikwenda, akakaa, akatikisa kichwa kukubali. Nilidhani anazeeka. Alikuwa na miaka thelathini na ngapi, umri wangu wa leo.

Nilielewa nilipojifungua, alipokuja kunitunza. Chakula kilipoiva alisimama kwenye mlango wangu, akagonga kifuniko, na mume wangu akaniambia kwa kumsifu, "Mama yako mpole sana. Hana maneno."

Nikamwambia anyamaze. Alishangaa, hakujua amekosa nini. Hana maneno! Mwanamke ambaye sauti yake iligeuza watu ufukoni. Alikuwa nayo mpaka siku nilipomfundisha kuisikia.