Mafuta Yaliyoganda Juu ya Supu

Kila saa saba mchana, hapa ofisini Lodwar, wenzangu hutoka kwenda kutafuta chapati na nyama ya kukaanga, nami hufungua thamosi yangu ya supu. Wananicheka. Nani mwenye akili timamu, wanauliza, anayekunywa supu ya moto katika mji ambao hata kivuli chake kina joto? Huwajibu kwamba mwili ni wangu na thamosi ni yangu. Mimi si mtu wa maneno laini. Lakini sketi zangu zimenilegea, ngazi napanda bila kuhema, na walewale wanaonicheka hunijia baadaye, mmoja mmoja, kuniuliza ninaweka nini. Nawaambia: malenge na kunde kutoka mashamba ya Katilu, nyanya, kitunguu, tangawizi, bamia kavu kidogo, mifupa ya mbuzi na maji mengi. Mafuta naondoa yote. Yanakokwenda hayo mafuta siwaambii.

Supu hii nilijifunza kuipika Kakuma, kwa mama yangu, mwezi wa Julai mwaka jana. Nilikosea vibaya kabla ya kupatia.

Nairobi mwezi wa Julai watu huvaa sweta. Kwetu baridi ya Julai ni upepo tu, unaoanza alfajiri, unabeba vumbi na kupasua midomo. Mama huuita baridi hivyohivyo na kujifunika shuka mbili. Julai hiyo alikuwa na haki. Kiharusi kidogo kilikuwa kimempitia, kikamwachia mkono wa kulia usiokunja kidole hata kimoja. Nilikwenda mbio, na daktari wa Kakuma akanieleza mama akiwa papo hapo: presha iko juu, uzito umezidi, chumvi ipunguzwe, mafuta yaachwe, mchana ale supu nyepesi ya mboga, dawa ameze kila siku baada ya chakula, na mkono ukandwe asubuhi na jioni. Kikija kiharusi kingine, alisema, huenda asiinuke tena.

Mama aliposikia unene ukitajwa kama ugonjwa alitazama pembeni. Unene ule ulikuwa fahari yake. Alizaliwa kwenye mifugo, akaona miaka ambayo mifugo ilikufa yote, kisha akahamia mjini, akafungua kibanda cha chai na kunenepa. Kwa hesabu yake njaa ilikuwa imeshindwa, na ushahidi aliubeba kiunoni. Sasa anakuja kijana wa koti jeupe kumwambia aurudishe.

Nilirudi Lodwar kuchukua likizo, nikapanda tena gari la asubuhi kwenda Kakuma na kiroba cha mboga. Mimi ni kifungua mimba, na vifungua mimba tunajua kuamrisha kabla ya kujua kutembea. Mgonjwa haulizwi uji, nilijiambia, na kweli sikumuuliza kitu. Jioni nilibandika mifupa kwenye jiko la makaa, ikachemka taratibu mpaka ikaachia utamu wake, nikaiepua na kuifunika. Kulipokucha mafuta yalikuwa yameganda juu, meupe, mazima. Niliyainua kwa mwiko karibu kipande kimoja. Nakiri kwamba nilijivunia. Nikatoka nayo nyuma ya ua, nikayatupa, na mbwa wawili wa jirani wakayamaliza kabla sijafuta mwiko.

Nilipogeuka mama alikuwa amesimama mlangoni. Aliwatazama wale mbwa. Akarudi ndani akiburuta mguu.

Mchana nilimpelekea bakuli. Supu ilikuwa safi, ya rangi ya malenge, majani ya kunde yakielea. Aliitazama kwa muda mrefu.

“Supu hii haina macho,” akasema kwa Kiturkana, lugha yetu ya nyumbani. Macho, kwa mama, ni yale matone ya mafuta yanayong'aa juu ya mchuzi. “Inanionaje?”

Akaisukuma kwa mkono wa kushoto. Nilipomletea dawa akanikumbusha, kwa upole uliokuwa ukatili mtupu: “Daktari alisema baada ya chakula. Mimi sijala.”

Ikawa hivyo siku tatu. Chai ya rangi, basi. Kila siku nilibadilisha: leo tangawizi zaidi, kesho nyanya, kesho kutwa ndimu. Bakuli lilirudi limejaa, na vidonge vikarudi kwenye karatasi yake. Nilimsikiliza akipumua na kufikiria lile neno la daktari, huenda asiinuke tena. Hofu yangu ina tabia mbaya, hutoka ikiwa hasira. Siku ya tatu nilipiga bakuli mezani, supu ikaruka.

“Sikio la kufa halisikii dawa!” nikamwambia. Mama yangu mzazi, mgonjwa. Mpaka leo nikilikumbuka neno lile naona aibu.

Hakukasirika. Alinitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyejikwaa.

“Wewe hukumbuki,” akasema. “Ulikuwa huna hata meno yote. Mbuzi walikuwa wamekwisha, maziwa yangu yamekauka. Nilibaki na kipande cha mafuta ya mkia wa kondoo, kadiri ya ngumi. Kila asubuhi nilikipitishia kidole, nikakupaka midomo. Wewe ulikuwa unalamba. Mimi sikulamba, niliogopa nikianza sitaweza kuacha. Kilitufikisha mpaka mvua.” Akalisogeza bakuli pembeni. “Halafu umekuwa mtu mkubwa, una ofisi, unakuja kwangu, unawapa mbwa.”

Nilitoka nikakaa kando ya jiko na kulia kama mtoto, kamasi na yote.

Hapo ndipo aliponikuta rafiki yake, mwanamke wa Sudan Kusini anayeuza bamia kavu kwenye soko la kambi ya wakimbizi. Walijuana kwenye kibanda cha chai, na kila alipofunga biashara alipita kumjulia hali. Alisimama juu yangu na kikapu kichwani, akanisalimu kwa Kiturkana na kuuliza, kwa Kiarabu cha kwao, kama mama ni mzima.

“Ejok, binti. Mama iko kwes?”

“Hajala siku tatu.”

Alitua kikapu, akafunua sufuria, akachungulia, akacheka kwa huruma. “Hii maji. Hata mimi nakataa.” Akatoa kifuko cha bamia iliyosagwa. “Unaweka hii kidogo, unakoroga. Inakuwa nzito, inateremka polepole. Mafuta hapana. Lakini mafuta ya nyama wewe napeleka wapi?”

“Nilitupa.”

Alishika kifua. “Tupa? Sisi ile hapana tupa. Ile napaka mwili, mwili inapona.”

Nilifuta uso kwa leso. Mkono ukandwe asubuhi na jioni, daktari alisema, na mimi katika kupigania supu nilikuwa sijaukanda hata mara moja. Tena nilikumbuka bibi yangu, shingo yake iking'aa mafuta chini ya shanga, na harufu ile ya kondoo na moshi niliyolalia utotoni. Kumbe mafuta si lazima yapite mdomoni ndipo yawe yameliwa.

Jioni hiyo nilibandika mifupa upya, na safari hii nilimwomba mchinjaji aongeze kipande cha mkia wa kondoo, akashangaa kwa sababu siku zote nilikuwa namfokea apunguze mafuta. Asubuhi niliinua tabaka lile jeupe, nikaliyeyusha, nikalichuja ndani ya mkebe safi. Sikwenda nao nyuma ya ua. Niliupeleka kwa mama kwanza, kabla ya supu, nikaushika kwa mikono miwili.

“Haya ni yako,” nikamwambia. “Yote. Hakuna tone lililokwenda kwa mbwa. Ila hayaingii tumboni, mama. Nisamehe kwa hilo. Na nisamehe kwa lile lingine.”

Alinusa mkebe. Akautazama. Kisha akachukua mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, kama anavyobeba mtu kitu cha mwingine, akauweka mapajani pangu.

Nilimkanda. Kidole kimoja kimoja, kiganja, kifundo, mpaka kwenye kiwiko. Mafuta yaliingia kwenye mikunjo ya ngozi yake, na nyumba ikanukia utoto wangu. Nilipomaliza alisema tu, “Lete hiyo supu yako kipofu.” Akala bakuli zima, bamia ikimteremka polepole kama alivyosema rafiki yake. Akanyoosha kiganja cha kushoto, nikaweka vidonge.

Tangu siku hiyo ndivyo tulivyofanya kila siku ya likizo yangu: mkebe kwanza, supu baadaye. Alipungua, akanung'unika kwamba shuka zinamzidi, lakini presha ilishuka na daktari akampongeza yeye, si mimi. Niliona wivu kidogo.

Siku ya kurudi Lodwar upepo ulikuwa mkali. Nilikuwa nimeshafunga mkoba, natafuta maneno ya kuaga, naye amekaa mlangoni na mkebe mapajani. Midomo yangu ilikuwa imepasuka mpaka inatoa damu, sikuwa nimejali.

“Inama,” akaniambia.

Niliinama. Mkono wa kulia ulitoka chini ya shuka ukitetemeka, ukachukua muda mrefu kuufikia mkebe. Nilitaka kumsaidia, akanikata jicho. Kidole cha shahada kikajikunja, kidogo, lakini kikajikunja chenyewe, kikachota mafuta, kikapanda hewani mpaka usoni kwangu. Akanipaka midomo, wa juu kisha wa chini.

Nikalamba.