Mshindi Aliyebaki Mezani

Juzi, katika ofisi moja ya kilimo hapa Karagwe, makarani wawili walibishana kompyuta ya nani ina ubongo mwepesi: ya mezani au ya kupakata. Wakazipa kazi moja, kupanga majina ya wakulima wa kahawa. Sisi wa kwenye foleni tukasahau shida zetu, tukashangilia. Ya mezani ikamaliza huku ya kupakata bado inanguruma. Mwenye ya mezani akaipigapiga mgongoni kama fahali.

“Hongera, mwanangu,” akasema bibi mmoja. “Wenzangu wanasubiri kuandikishwa kule kijijini Nyakasimbi. Utakuja nayo?”

Karani akatazama kioo, sanduku na nyaya zake.

Aliyeshindwa alikwisha kuifunga yake na kuitia kwapani. “Bibi, twende zetu.”

Nami, niliyemshangilia mshindi mpaka sauti ikakauka, nikamfungulia mlango.