Tumbo la Uongo Hadi Townsville

Kuna mtu aliandika kwenye kikundi cha simu cha korti yetu, nyumba za lango moja hapa Buruburu, Nairobi, kwamba mimi, Ouma na Kamau tulikuwa tukila raha baharini Australia huku Mama Achieng' yuko mochari. Simtaji, anajijua. Naandika haya kwa sababu nimechoka kumweleza mtu mmoja mmoja langoni, na kwa sababu maneno yale, kwa bahati mbaya, yana ukweli ndani yake.

Sisi watatu tumelelewa korti moja, tukaja kukutana tena Brisbane. Mimi na Kamau tulikuwa tukihudumia wazee, Ouma yuko kiwanda cha nyama. Ni yeye aliyenunua lile gari kuukuu la kulala ndani, lenye kitanda nyuma na jiko la gesi. "Manze, tumekuja mbali hivi na bahari yao hatujaiona," akasema. Tukaomba likizo ya wiki mbili tufuate pwani hadi Cairns. Gari lilikuwa la gia za mkono. Leseni yangu ni ya otomatiki, Kamau hana leseni kabisa. Dereva alikuwa Ouma peke yake, na hilo mlishike, maana ndilo lililoniponza.

Siku nne za kwanza sina la kulalamikia isipokuwa Kamau kuniunguzia sufuria kwa ugali wake. Tuliogelea, tukalala kwenye kambi za kando ya barabara, tukabishana muziki. Jumamosi jioni tulifika Carmila, kijiji kidogo chenye ufuo mrefu na mtandao wa kubahatisha. Ouma akavua samaki wa kwanza maishani mwake. Kamau akampiga picha akicheka meno yote nje.

Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi, nilikuwa nimesimama karibu na maji nikitafuta mtandao, simu ikalia. Alikuwa Achieng', dada mkubwa wa Ouma.

"Nekesa, uko wapi? Uko na nani hapo?"

Mkenya yeyote anayeishi ng'ambo anajua swali hilo. Huulizwa kabla ya habari ya msiba. "Dada, ni nani?"

"Ni mama yetu. Presha. Amekata roho tukiwa njiani kwenda hospitali."

Nitasema ukweli hata kama mtanichukia: kitu cha kwanza nilichofanya ni kumshukuru Mungu kwamba si mama yangu. Kisha aibu ikanishika. Mama yangu alikuwa akirudi jioni kutoka soko la Gikomba, na tangu nianze shule hadi darasa la nane chakula changu cha mchana nilikila kwa Mama Achieng'.

"Usimwambie," Achieng' akasema. "Yeye ndiye anawaendesha. Mtu haambiwi jambo kama hili barabarani, hana watu. Mfikishe Townsville kwa Anti Wairimu. Nimeongea naye, anaita watu wa kanisa."

"Ni mbali, Dada. Ni mchana mzima."

"Basi uwe mchana mzima."

Nilimvuta Kamau nyuma ya vyoo vya kambi nikamwambia. Aliketi chini kwenye mchanga. Nikamuuliza kuhusu ile picha.

"Niliituma jana kwenye kikundi cha korti ikakataa," akasema. "Imeenda yenyewe asubuhi hii."

Aliifuta, lakini mlikuwa mmeshaiona.

Sasa mjue shida yangu. Tulikuwa tumepanga kukaa siku tatu Airlie Beach, kabla ya kufika Townsville. Tena Ouma alimpigia mama yake kila Jumapili akitoka ibada ya kwanza, saa nne asubuhi ya Nairobi, ambayo kule ni saa kumi na moja jioni. Kabla ya saa hiyo ilibidi awe mikononi mwa watu. Kwa hivyo nikajishika tumbo. Nilimwambia limenikata usiku kucha, sitaki daktari, namtaka Anti Wairimu kwa sababu ni nesi na ni rafiki wa mama yangu tangu alipokuwa akikaa mtaa wa Komarock, Nairobi. Ouma hakuuliza mara mbili. Alikunja kila kitu, nami nikaichukua simu yake eti nimsomee ramani, nikaizimia mtandao.

Saa tatu tulifika Mackay. Kabla sijasema neno, Ouma aliwasha taa ya kukata kona kuingia hospitali.

"Nimekwambia sitaki!"

"Nekesa, wewe ni mkaidi tangu nasari. Wakikuangalia watakuuma?"

"Endesha gari, Ouma."

Aliniangalia, akaizima taa. Kuanzia hapo alikanyaga mafuta. Pande zote mbili ni miwa tu, barabara nyembamba, malori ya trela mbili yamefuatana moja baada ya lingine. Ouma, mtu ambaye siku zote tulimcheka kwa kuendesha kama anapeleka mayai, aliyapita malori hayo mtindo mmoja. Karibu na Proserpine alilipita moja, na mbele yetu likatokea gari linalovuta nyumba ya magurudumu. Kamau alishika kiti changu kwa nyuma. Tuliingia kwenye njia yetu huku yule mwingine akipiga honi hadi akapotea. Nikaona wazi kwamba nimeficha habari ili tusife, na sasa uongo wangu ndio utakaotuua.

"Pole pole, tafadhali. Limetulia kidogo."

"Rangi yako haijatulia," akasema. Hakupunguza. Kibao cha Airlie Beach kilipita, hata hakukitazama.

Saa sita mchana tulisimama Bowen kutia mafuta. Alinirudia na kikombe cha maji moto yenye tangawizi, sijui aliitoa wapi. Akanyoosha mkono.

"Lete simu. Nimpigie mama akuombee."

"Nyumbani ni saa kumi na moja alfajiri."

"Si ndiyo saa yake? Sasa hivi anachemsha chai, anajitayarisha kwenda ibada. Lete."

Nilikaa na ile simu mapajani. Uongo ulikuwa umeniishia. Ni Kamau aliyeniokoa. "Mwache mama wa watu," akasema. "Tuombe sisi wenyewe."

Tukashikana mikono pale kando ya pampu. Ouma akaomba Mungu aliponye tumbo langu, atufikishe salama, na amlinde mama yake anapotembea kwenda kanisani. Niliitikia amina. Amina hiyo inaniuma hadi leo.

Saa tisa kasoro tuliingia Townsville. Nje ya nyumba ya Anti Wairimu kulikuwa na magari saba, na wanawake waliojifunga leso juu ya nguo za kanisa. Ouma alisimamisha gari barabarani, injini ikiunguruma, akawatazama.

"Nekesa, tumbo linauma?"

"Haliumi."

Akazima injini. Anti akamfungulia mlango, mzee wa kanisa akamwambia kwa maneno mazuri, wakaimba. Ouma hakulia. Aliwapa mkono mmoja mmoja, akisema, "Asanteni kwa kuja."

Tuliliacha gari kwa Anti pamoja na Kamau, mimi na Ouma tukarudi nyumbani kwa ndege. Njia nzima alinipa mgongo. Mazishi yalikuwa kwao Siaya, wengi wenu mlikuwepo. Siku ya tatu baada ya kurudi Buruburu nilimkuta jikoni kwa mama yake, akiosha vikombe vya wageni.

"Wale watu wa Townsville ni wazuri," akasema bila kugeuka. "Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kunywa chai ya mama. Ningelia nini mbele yao? Australia nzima, watu waliomjua walikuwa wawili. Na nilikuwa nao kwenye gari tangu asubuhi."

Nilimtajia Achieng', nikamtajia leseni, nikamtajia barabara.

"Gari lilikuwa limesimama, Nekesa. Chakula tulikuwa nacho. Tungekaa pale Carmila hata siku tatu. Nani alikuwa akitukimbiza?"

Nilifanya kama tulivyofunzwa, mtu asiambiwe akiwa hana watu. Haikunipitia akilini kwamba watu wenyewe ni mimi na Kamau.

Akafunga mfereji. "Wewe umemlilia saa ngapi?"

"Bado."

Akanivutia stuli. "Basi kaa," akasema, na yeye akaketi sakafuni kando yangu, tukamlilia mama yake mpaka vikombe vikakauka.