Kifurushi Ambacho Sikukifungua

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nilipokaa nyuma ya ukuta wa jiko langu mwenyewe, hapa hapa Mandewa, nikiwasikiliza watoto wa nyumbani kwangu kama askari kanzu. Mapajani nilikuwa na ungo wa mchele. Mchele wenyewe nilikuwa nimeshauchambua mara mbili.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilitoka kwetu Sekenke nikaolewa na mwanamume aliyefiwa na mke akabaki na mabinti wawili, Rehema wa miaka kumi na mdogo wake Neema, ambaye siku hiyo alikuwa anatimiza mitano. Waliniita mama mdogo. Nikiwaambia njooni mle, walikuja. Nikiwaambia kalaleni, walikwenda. Hawakunikosea hata siku moja, na hilo ndilo lililoninyima raha. Ndugu yangu mmoja alishanionya kwamba watoto wa marehemu wakiwa wapole namna hiyo, basi kuna mtu mzima anawafundisha. Neno lile nililichukua lilivyo, sikulipima.

Basi mtu mzima akaja. Bibi Lea, aliyemzaa marehemu mama yao, alishuka kutoka Mitundu na dumu la asali. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, halafu akanitazama muda mrefu. Alikuwa ananitazama masikio. Usiku nikajiuliza, mtu anatafuta nini masikioni mwangu?

Asubuhi akasema yeye na wajukuu watampikia Neema keki yenye umbo la ua la alizeti.

"Wewe Anastazia leo pumzika," akaniambia. "Usiingie jikoni mpaka tukuite."

Nikasema sawa, mama, nikatabasamu. Lakini moyoni niliwaka. Mwenye nyumba anafukuzwaje jikoni kwake? Ndiyo maana nikaenda kukaa pale nyuma, chini ya kidirisha, na ungo wangu.

Bibi Lea alijua keki. Zamani aliwahi kuwa mpishi kwenye nyumba ya mapadri, na keki ya sufuria kwake ilikuwa kitu cha kawaida: mchanga chini ya sufuria kubwa, ndogo ndani yake, mkaa wa moto juu ya mfuniko. Niliwasikia wakivunja mayai. Niliwasikia wakibishana kuhusu mafuta ya alizeti, vikombe viwili au kimoja na nusu. Neema alikuwa anacheka. Kicheko kile kwangu hakuwahi kukitoa, na badala ya kukifurahia nilikionea wivu.

Kisha wakaanza kunong'ona kwa Kigogo. Mimi Mnyiramba, Kigogo nilikuwa nashika neno moja moja tu. Nikasogea. Mara Rehema akasahau, akauliza kwa Kiswahili:

"Na mama mdogo tumpe saa ngapi?"

"Akishakula," bibi yake akajibu. "Usimwambie kitu. Na wewe Neema, mdomo wako huo!"

Nikauweka ungo chini.

Haikupita muda, Rehema akatoka kunawa unga kwenye ndoo, bila kuniona. Kwanza alitoa kitu mfukoni mwa gauni akakiweka juu ya jiwe ili kisilowe. Kilikuwa kifurushi kidogo cha karatasi, hakizidi kidole gumba, kimezungushiwa uzi mwekundu. Kabla hajamaliza kunawa, Neema akapiga kelele ndani, "Dada, inaungua!" Akakimbia, akakiacha.

Nikakichukua. Nikakitikisa, kikalia kidogo. Nikajiambia ni mbegu za mti fulani, au vijifupa. Ningeweza kukifungua, mwanangu. Uzi ulikuwa mmoja tu, na kucha nilikuwa nazo. Lakini niliogopa kitanidhuru, na nadhani niliogopa pia kwamba kingekuwa kitu cha kawaida, nikose sababu ya chuki yangu. Nikaenda nacho mpaka chooni, nikakidondosha shimoni. Nikarudi kwenye ungo wangu nikihema, nikimshukuru Mungu kwa kuniokoa.

Keki zikaiva, maana walipika mbili. Kwenye kidirisha nilimwona Bibi Lea akiikata ile ya pili, iliyokuwa bapa, vipande vyenye ncha kama petali, na Rehema akivipanga kuizunguka ile ya duara. Wakakoroga sukari ya unga na maji ya limao, wakatia manjano kidogo ipate rangi. Neema alipewa kazi ya kujaza katikati kwa mbegu za alizeti zilizokaangwa na kumenywa. Mbili kwenye keki, moja mdomoni. Lilikuwa ua lililopinda upande mmoja, na lilikuwa zuri.

Ndipo Rehema akatoka kufuata kifurushi chake.

Alitazama juu ya jiwe, akatazama chini ya jiwe. Akamwaga ndoo. Bibi yake akatoka, baba yao naye akafika kutoka kazini, akauliza kuna nini. Mtoto hakuweza kusema, alilia tu. Bibi ndiye aliyemweleza.

"Ni hereni za marehemu. Nilimpa azitunze mpaka keki ikatwe."

Mume wangu alikuwa mtu mpole, lakini siku ile uso ulimbadilika. "Hereni za mama yako unaziacha nje kama maganda? Lete fimbo."

Rehema akaenda kuifuata fimbo mwenyewe. Nakuambia ukweli, mwanangu, nilinyamaza. Nilimwona akivuka ua, akavuta fimbo darini, akarudi nayo, akamkabidhi baba yake kwa mikono miwili, na mimi bado nimenyamaza. Nilikuwa natafuta uongo unaofaa. Mtoto aliponyoosha kiganja chake chenye manjano, ndipo sauti ikanitoka.

"Usimpige. Ni mimi. Nimekitupa chooni."

Hakuna aliyenipigia kelele. Bibi Lea alivuta kigoda akakaa.

"Ulidhani ni nini?"

"Dawa."

"Dawa ya nini?"

"Ya kunitoa humu."

Akamwonyesha Rehema kwa kidole. "Huyu Rehema alinitumia salamu kwa dereva wa lori. Anasema, bibi, mama mdogo hana hereni, niletee zile za mama tumpe. Nimetoka Mitundu kuja kukuingiza ndani ya nyumba hii, Anastazia, wewe unasema nimekuja kukutoa." Halafu akasema neno ambalo hadi leo linaniuma. "Ungeniuliza. Ningekasirika, pengine ningekutukana. Lakini hereni zingekuwepo."

Mume wangu alihangaika na tochi na mti mrefu mpaka jua likazama. Hakupata kitu. Neema, ambaye hakuelewa yote, alitugawia keki. Mimi alinipa petali kubwa, iliyopakwa asali juu. Niliitafuna yote, kwa kuwa alikuwa ananitazama.

Baadaye Bibi Lea akaniambia kwamba wale watoto walikuwa wapole kwa kuwa waliogopa nikichukizwa nitaondoka, wabaki peke yao tena. Mimi nilikuwa nauita upole ule njama.

Rehema hakunisamehe upesi. Karibu mwaka mzima alinisalimia asubuhi, basi. Sikumbembeleza kwa zawadi. Nilimwomba bibi yake anifundishe keki, na kila Jumamosi niliyopata mayai nikawaita wote wawili jikoni. Ya kwanza iliungua chini ikawa mbichi katikati. Ya nne au ya tano, Rehema alininyang'anya mwiko akisema, "Mama, unakoroga vibaya!" Alikasirika hasa. Nikatoka nje kulia kwa furaha, maana mtoto akiogopa kwamba utaondoka, hakugombezi. Leo ana watoto wake, na mwiko bado ananinyang'anya.

Mwanangu, mimi sijawa malaika. Hata sasa wajukuu wakifunga mlango wa jiko, roho hunidunda. Lakini nagonga na kuuliza. Nawe ukiona jambo usilolielewa nyumbani kwako, muulize mwenye nalo siku hiyo hiyo, wala usianze kwa jirani wala kwa ndugu. Kubali aibu ya kuonekana mwenye shaka. Kama ni baya, utalijua na kujilinda. Usiharibu kitu cha mtu kabla hujakiona. Na kama umeshaharibu, tamka mapema, kabla mtoto hajanyoosha mkono kupokea adhabu yako.

Mungu akupe watoto wasiokuogopa, uliowazaa na usiowazaa wakuite kwa jina la mzazi, na jiko lako lisikose kelele. Amina.