Samaki wa Kwenye Beseni

Juzi nilipita mtaa wa Kanyenye nikaingia kwenye duka ambalo zamani lilikuwa na tangi la kioo karibu na mlango. Tangi bado lipo, rafiki yangu, ila ndani yake sasa wamepanga makava ya simu. Nilisimama nikiliangalia mpaka muuzaji akaniuliza kama nimepotelewa na kitu.

Samaki wa tangi lile walikulia kwetu. Mama alikuwa akimfulia nguo mwenye duka, mzee wa Kihindi, naye akampa samaki wawili wa rangi ya dhahabu ajaribu kuwazalisha. Mama akawaweka kwenye beseni uani. Walipotaga kwenye majani ya majini, aliyahamishia majani yale beseni la pili, maana samaki hula mayai yake mwenyewe. Maji ya bomba aliyaacha kwanza mpaka harufu ya dawa iishe. Vifaranga walipotoka walikuwa kama kope zenye macho, wamejishikiza ukingoni. Wakishaanza kuogelea, mama alichemsha yai, akafunga kiini kwenye kipande cha kanga na kukitikisa majini mpaka pakawa na ukungu wa njano. Sehemu nyeupe tuligombania sisi.

"Mdogo hivi hauawi na njaa," alikuwa akisema. "Huuawa na shibe."

Baba alikuwa ametangulia. Masika moja malaria ikamchukua na mama, tukabaki mimi, mdogo wangu wa kiume na kitindamimba, msichana aliyekuwa bado analala ameshika sikio langu. Siku ya mazishi mjomba alisema tutagawanywa baada ya arobaini. Nikamwambia nitaacha shule, nitalea samaki, mwenye duka atawanunua kama alivyowanunua kwa mama.

Mjomba akacheka kidogo. "Mwanangu, hao hata ukiwakaanga wote hawajazi kijiko." Kisha akaniangalia. "Haya. Nikija arobaini nionyeshe. Nikiwaona, wadogo zako watabaki."

Samaki wakagoma kutaga. Nikabadilisha majani, nikasogeza beseni kivulini, nikaomba. Wiki ya arobaini yenyewe wakataga, na vifaranga wakatoka wengi mno. Kitindamimba alikaa kando ya beseni kutwa, akiwakataza kuku wasikaribie.

Asubuhi ya kisomo cha arobaini wanawake wa mtaa walikuja kupika. Nilikwenda kuchota maji. Niliporudi nikakuta jirani yetu, mama aliyetuletea uji tangu siku ya msiba, anaoshea mchele kwenye beseni la vifaranga.

"Nimeyamwaga yale maji, mwanangu," alisema kwa upole. "Yalijaa viluwiluwi. Mama yenu si malaria iliyomuua? Na nyie mnafuga mbu uani?"

Ardhi ilikuwa imeshayanywa. Kitindamimba alikuwa amepiga magoti pale penye tope, anaparuza kwa vidole. Mtu aliyekuja kukupikia arobaini ya mama yako humgombezi. Nikasema, "Ahsante, mama," nikaenda kukoka moto.

Mjomba alipouliza, sikuwa na cha kumwonyesha. Alimchukua mdogo wangu akamsaidie kwenye shamba la tumbaku, Usoke. Shangazi akaondoka na kitindamimba kwenda Usinge. Mtoto hakulia, alinitazama tu kama mtu anayesubiri nikumbuke kitu.

Wale samaki wawili wa mama walikuwa salama kwenye beseni jingine, nikaendelea kulea. Mwenye duka alinunua wote waliokua, miaka na miaka, mpaka nikawarudisha wadogo zangu wote wawili. Nilidhani nimeshinda. Mdogo wangu alirudi mwanamume, mikono myeusi kwa utomvu wa tumbaku, hana maneno. Kitindamimba alirudi binti mrefu, mwenye adabu kupita kiasi, akaketi kwenye ukingo wa kiti.

Wa kuning'ang'ania sikio sikumpata tena. Aliyerudi aliutazama mtungi, kisha akainamisha macho na kuniuliza kama anaruhusiwa kunywa maji.